Pampu ya kukamulia maziwa niliyorudi nayo kazini

Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 imekwisha, nami nimerudi kazini Mbeya mjini huku mwanangu akibaki Uyole kwa bibi yake. Sheria inaniruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku, ambazo kwa umbali huo zinatosha safari moja tu, hivyo pampu ya kukamulia maziwa ilikuwa ya lazima.

Pampu ya kwanza, ya umeme, ilinitesa sana. Nilidhani mota ni mbovu, kumbe kile kikombe kinachokaa kwenye titi kilikuwa na tundu la milimita 24, pana mno kwa chuchu yangu, kikawa kinavuta ngozi ya pembeni hadi inauma na maziwa yanatoka kidogo. Nilipokibadilisha kwa cha milimita 21, maumivu yalikwisha. Kina mama wenzangu, nawasihi mpime chuchu kabla ya kutazama bei.

Kwa kuwa umeme hukatika, nina pia ya mkono, ambayo kwa kweli naipenda zaidi kwa utulivu wake. Maziwa nayahifadhi kwenye friji, ambamo hukaa salama hadi siku 4, na bibi huyapasha kwa kuiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, wala hayaweki motoni.