Kliniki ya Maji Mafu

Nimezaliwa Kilifi, na mama yangu naye alizaliwa papa hapa, lakini hadi nafika miaka 34 sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba mimi ni Mkenya. Babu alikuja na jahazi kutoka Pemba akifuata samaki. Ndivyo walivyokuja wengi wetu, wengine miaka mingi kabla ya uhuru, wengine baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Walikuja dago, yaani ile safari ya mvuvi kuhamia pwani nyingine kwa msimu mzima, kisha wakaoa, wakajenga, wakazikwa huku. Sisi wajukuu tumekua tukijua kwamba ukiliona gari la askari, unapita njia ya nyuma.

Julai 2023 Rais William Ruto alikuja mjini Kilifi na Wapemba tukatambuliwa rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Nilipokishika kitambulisho changu nilikaa chini ya mwembe nikakisoma jina langu mara nyingi. Lakini nataka kueleza yaliyofuata, kwa sababu kuna watu waliodhani kwamba kitambulisho kikishapatikana, na afya imepatikana. Haikuwa hivyo, na mimi nimeyaona kwa macho yangu, mlango kwa mlango.

Kwanza mjue tulivyokuwa tukiugua. Bila kitambulisho hupati leseni ya uvuvi, hupati laini ya simu kwa jina lako, na bima ya afya ndiyo usiseme. Mimba ya kwanza nilijifungulia nyumbani. Ya pili nilikwenda kliniki kwa jina la kuazima. Jirani yangu Mgiriama alinipa jina lake, mwanangu akaandikwa kana kwamba ni wake, na kitabu cha kliniki cha mtoto kikabeba ukoo usio wetu. Mama yule nitamwombea dua hadi siku yangu ya mwisho. Wengine hawakuwa na jirani kama huyo. Binamu yangu alifika na uchungu kwenye hospitali moja, akaulizwa kitambulisho cha mume na cha kwake, akakosa la kujibu. Aliogopa kuulizwa mara ya pili, akaondoka usiku ule ule akajifungulia kwao. Mtoto hakuishi. Sijui kama angeishi angebaki pale. Najua tu kwamba aliondoka kwa hofu, na hofu ile alizaliwa nayo.

Mwaka 2024 mhudumu wa afya wa mtaa wetu alihama, na kwenye baraza la kijiji nikachaguliwa kushika nafasi yake. Kenya sasa ina wahudumu wa afya ya jamii, CHP kama tunavyoitwa, zaidi ya 100,000, waliozinduliwa upya Septemba 2023 na kupewa kila mmoja mkoba: mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo, na simu ya kuandikia taarifa. Kila CHP hupewa kaya zipatazo 100. Zangu nyingi zilikuwa za Wapemba wenzangu, nami nikajiambia kazi itakuwa nyepesi. Nani atanifungia mlango?

Walinifungia. Wiki ya kwanza niliingia nyumba baada ya nyumba, nikitoa salamu, nikitoa simu, na swali langu la mwanzo likiwa jina kamili na namba ya kitambulisho. Nikaona nyuso zinabadilika. Bibi mmoja aliyenilea pamoja na watoto wake alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe tunakujua. Simu hiyo ndiyo hatuijui." Nilirudi nyumbani nikalia. Alikuwa amesema kweli. Watu walioishi miaka 60 wakikwepa kuandikwa, mimi nimekuja kuwaandika kabla hata sijawapima presha.

Nikaenda kwa mzee wetu mmoja, nahodha mstaafu. Alikuwa miongoni mwa waliohangaika miaka mingi kufuatilia suala letu la uraia, ofisi kwa ofisi, kwa nauli ya kuchangishana pale pwani. Nikampa shikamoo, nikaketi mkekani, nikamweleza.

"Unataka niwaambie watu nini?" akaniuliza.

"Kwamba hii simu si ya polisi, mzee."

"Mimi sitasema jambo ambalo sijalijaribu. Nipime kwanza."

Akapandisha mkono wa kanzu. Mashine ikasoma 194 kwa 112. Nikadhani nimekosea. Nikamwomba atulie, tukazungumza habari za upepo, baada ya robo saa nikapima tena: 188 kwa 110. Akaniambia haumwi kichwa, haumwi chochote, na jana alikuwa akisukuma ngalawa na wajukuu. Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kubisha hodi, kisha ikakuangusha siku moja. Tulipanda bodaboda mchana ule ule hadi zahanati, akaanzishiwa dawa.

Kilichofuata sikumwomba. Siku tatu baadaye alikwenda kwenye banda la samaki asubuhi, saa ambayo mashua zimeingia na watu wamejaa mizanini, akawaambia wanaume wote namba zake. Alizitaja hadharani, 194 kwa 112, akawaonyesha na vidonge. Akasema, "Mimi nimetafuta kitambulisho miaka yote hii ili niishi humu kama mtu, si ili nife kimya kimya." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mkoba wangu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimewapima wanaume waliojaza kurasa mbili za daftari, na wengine sikuwajua hata majina, kwa sababu siku ile simu niliiacha ndani ya mkoba. Niliandika daftarini kwa lakabu zao za baharini. Majina rasmi na namba walinipa wenyewe baadaye, nilipowarudia nyumbani. Tangu siku hiyo huo ndio utaratibu wangu: mkono kwanza, namba baadaye.

Wanaume wakawa wamefunguka. Akina mama bado.

Nesi wa zahanati yetu, mtu wa bara, mwenye moyo wa kazi sana, alikuwa amepanga kliniki ya kijijini kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi. Analeta chanjo kwenye kisanduku cha barafu, anapima wajawazito, anapima uzito wa watoto. Jumanne ya kwanza niliyohudhuria mimi walikuja akina mama wanne. Baadaye kuna iliyojaa hadi nje. Baada ya miezi mingine wakaja wawili. Nesi akavunjika moyo. Akaniuliza, kwa upole, kama Wapemba hawapendi chanjo. Nilishindwa kumjibu, na ilinichoma, kwa sababu hata mimi sikuelewa.

Jibu nililikuta ufukweni. Asubuhi moja nimeshuka kumtafuta mama mmoja ambaye mtoto wake alikosa chanjo ya pili ya ukambi, ile ya miezi 18, na nyumbani hayupo. Nikainua macho: wanawake wote niliokuwa nikiwafuata majumbani walikuwa miambani, sketi zimekunjwa, wanachokoa pweza. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu huku, siku za bamvua, maji hukauka kabisa yapata saa nne asubuhi, na ndiyo saa ya pweza. Ukikosa saa ile umekosa pesa ya wiki. Wakitoka miambani, wale mama karanga, wanaonunua samaki na kuwakaanga, wanawahi mashua. Na kliniki yetu inafunguliwa saa tatu.

Bamvua hufuata mwezi, basi nilikwenda msikitini nikaomba ile kalenda ya mwezi wa Kiislamu iliyotundikwa ukutani, nikaketi na rejista ya zahanati. Kila siku ya kliniki ya miaka iliyotangulia nikaitafutia tarehe yake ya mwezi mwandamo. Mwezi mosi, mwezi kumi na tano, kumi na sita: akina mama wachache mno. Mwezi saba, mwezi nane, mwezi ishirini na mbili: rejista imejaa. Jumanne ya kwanza ilikuwa ikizunguka tu, mara inaangukia bamvua, mara inaangukia maji mafu, na sisi tukihesabu kwamba watu wamependa au wamekataa. Siku za maji mafu bahari haikauki vya kutosha, na asubuhi maji yamejaa. Mama yuko nyumbani.

Sikumpelekea nesi karatasi peke yake. Nilimwomba tushuke pamoja ufukweni siku ya bamvua, akajionee. Tulisimama pale, akawatambua wanawake mmoja mmoja kwa mbali. Akasema, "Huyu ndiye ninayemwandika hajafika." Akanyamaza. Kisha akaniuliza mwezi nane ujao ni tarehe ngapi.

Haikuwa rahisi kubadilisha. Ratiba za chanjo hupangwa mapema, na huwezi kuandika "mwezi nane" kwenye fomu ya ofisi. Kwa hiyo kila miezi mitatu mimi na nesi tunaketi na kalenda mbili, tunageuza tarehe za mwezi ziwe tarehe za kawaida, ndipo anapeleka mpango wake. Ustadh akatupa darasa moja la madrasa, tunalitenga kwa leso mbili, upande mmoja watoto, upande mmoja wajawazito. Kliniki ya kwanza ya maji mafu, watoto 11 waliokuwa wamekosa chanjo ya pili ya ukambi wote waliletwa, na mmojawao aliletwa na bibi yule yule aliyeniambia haijui simu yangu.

Yupo mtu mmoja ambaye bila yeye wajawazito wasingefika hata kwa maji mafu, naye ni mkunga wetu wa jadi. Ana zaidi ya miaka 70, na mimi mwenyewe nilidakwa na mikono yake. Nilimkwepa kwa muda mrefu kwa kuona haya, maana ujumbe tuliofundishwa ni kwamba mama akajifungulie kituo cha afya, na kumwambia yeye neno hilo ni kama kumwambia kazi yake ya maisha haina thamani. Hatimaye alinianza yeye. "Unapita nyumba zote, kwangu hupiti. Umeniona nimekufa?"

Tulizungumza mchana mzima. Aliwataja kwa majina wanawake aliowapoteza kwa damu. Walikuwa watatu, na kila mmoja alimkumbuka siku, upepo na saa. Akasema, "Mimi sikutaka kuwazalisha kwenye mkeka. Wangekwenda wapi?" Sijawahi kusikia mtu akiieleza hali yetu vizuri zaidi ya hivyo. Tukakubaliana kwamba atawasindikiza wajawazito kituoni, na nesi akakubali aingie naye ndani, aketi kichwani kwa mama, amshike mkono, amsomee dua. Hilo la kuingia ndani ndilo alilolishikilia, na alikuwa na haki. Mama wa Kipemba anayemwona mkunga wake amekaa pale hashtuki tena akiulizwa kitambulisho. Na mkunga anazijua mimba kabla yangu, kabla hata ya baadhi ya waume. Sasa wajawazito wanaanza kliniki mapema, si mwezi wa saba wakiwa wamevimba miguu.

Suala la fedha nilitaje kwa ufupi. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya afya, NHIF, imeondolewa, ikaja SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii. Kujiandikisha ni bure kwa mwenye kitambulisho, na aliyejiandikisha hutibiwa zahanati bila kulipa. Lakini kulazwa hospitalini kunataka mchango uwe umelipwa, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, 3,600 huzioni. Mama karanga walikuwa tayari na chama chao cha kupokezana pesa, basi wakaamua wenyewe kwamba mwenye mimba ndiye atakayepokea kwanza, na pesa inalipiwa SHA mbele ya wote, kwenye simu, kabla haijaguswa. Wazo hilo si langu. Mimi nilichofanya ni kuwafundisha kubonyeza *147#.

Bado kuna kaya saba ambazo hazijapata vitambulisho kabisa, kwa sababu siku za kuandikisha waume walikuwa dago na wazee hawakuweza kutembea. Hao siwezi kuwaandikisha SHA, na nikiwapima presha ikawa juu, najua nawapeleka kwenye malipo. Nahodha ameanza upya kuzifuata ofisi kwa ajili yao, safari hii na vidonge vyake mfukoni. Wiki jana aliniita nimsaidie jambo jingine: vijana wake watatu wenye presha wanaondoka dago kwa miezi mitatu, na dawa za zahanati hutolewa za mwezi mmoja. Tumemwomba nesi awape za kutosha, na tumezifunga kwenye mifuko ya plastiki mara mbili zisiloe, kila mfuko mwezi wake. Wanaondoka mwezi kumi na mbili. Kliniki ni mwezi ishirini na mbili, na mkunga ameshaniletea majina ya wajawazito wawili wapya.