Nenda dukani na beringi mfukoni

Ukiingia duka la vifaa pale Mtwara mjini kuulizia vernia ya karakana yako ya nyumbani, kile kipimo chenye taya za kupimia vipenyo na unene, muuzaji atakufungulia kasha, atakuonyesha inavyong'aa na kukuapia kwamba ni orijino. Huna haja ya kubishana naye. Toa mfukoni beringi mpya ya 6204 (hiyo ni namba ya saizi), ifute mafuta, omba ruhusa, kisha upime hapohapo juu ya kaunta.

Kipenyo cha nje cha 6204 ni milimita 47, tundu lake 20 na unene 14. Kwa beringi ya daraja la kawaida, ile 47 inaruhusiwa kupungua 0.011 tu na tundu kupungua 0.010; kuzidi hakuruhusiwi kabisa. Kipimo kilichosagwa kwa usahihi wa namna hiyo, na kinachouzwa kila duka la spea za pikipiki, hukipati mahali pengine kwa bei ile. Unene usiutumie kukagulia, kwa sababu unaruhusiwa kupungua hadi 0.12, na hapo utailaumu vernia bure. Beringi bandia nazo zipo, kwa hiyo nenda na mbili za watengenezaji tofauti. Zikisoma sawa, tatizo haliko kwenye beringi.

Kwenye vernia angalia mambo manne. Futa taya kwa karatasi safi, zifunge, kisha ziinue usawa wa mwanga wa mlangoni: ukiona mstari wa mwanga ukipenya, irudishe kaunta. Zikiwa zimefungwa, sifuri ya juu ilingane na ya chini. Kisha pima ile 47 mara mbili, mara ya kwanza beringi ikiwa karibu na mwili wa vernia, mara ya pili ikiwa kwenye ncha za taya. Tofauti ikizidi 0.05, taya inayotembea inalala. Wakati mwingine ni skrubu mbili ndogo za juu zimelegea na zinakazika, lakini kwenye vernia iliyotumika mara nyingi taya zenyewe zimekwisha, maana kuna mafundi wanaozitumia kuchorea mistari kwenye bati. Mwisho, pima tundu la 20 kwa taya za juu. Zikisoma 19.95, usishangae sana, kwani taya za ndani huwa na bapa nyembamba, na kwenye tundu dogo husoma pungufu kidogo. Andika tofauti hiyo kwenye kasha.

Ya namba za kioo au ya mistari? Kwa pwani hii nachagua ya mistari, yenye mgawanyo wa 0.02. Ya kioo inaonyesha 0.01 na watu wanaiamini kwa sababu hiyo, wakati usahihi wake halisi ni plasi au minasi 0.02 hadi 0.03. Jasho au mafuta yakiingia kwenye ukanda wake, namba zinaanza kuruka. Zile za bei rahisi pia hunywa betri hata zikiwa zimezimwa. Kama umeshainunua, weka betri ya SR44 badala ya LR44. Zinalingana umbo, lakini SR44 hushika volti 1.55 karibu hadi siku ya mwisho, na LR44 hushuka polepole.

Vernia ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaoharibu kazi nyingi za mashine za kusaga. Chukua shafti inayoingia kwenye beringi ya 6205, tundu milimita 25. Ili beringi ibane vizuri kwenye shafti inayozunguka, shafti inatakiwa iwe kati ya 25.002 na 25.015. Nafasi yote hiyo ni 0.013. Vernia inayokosea 0.02 haiwezi kukwambia kama umo ndani au nje. Shafti ikiwa 24.98, beringi itaingia kwa mkono, fundi atafurahi, na baada ya muda pete ya ndani itaanza kuzunguka juu ya shafti na kuila. Hapo ndipo watu wanapiga sentapanchi, ile chuma yenye ncha kali, kuzunguka shafti ili "ijae". Vile vinundu vinashika kwa siku chache, kisha vinabonyea.

Kwa hiyo kipimo cha pili ni maikromita, kipimo cha skrubu chenye usahihi kuliko vernia, na kwa kazi za mashine za kusaga, pampu na mabomba ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, anza na ya 25 hadi 50, halafu ya 0 hadi 25. Hii ya 25 hadi 50 hakikisha inakuja na kijiti chake cha milimita 25 ndani ya kasha. Bila hicho huna pa kuwekea sifuri, na zilizotumika mara nyingi hukikosa. Ikaguliwe kwa beringi ileile ya 6204. Ile ndogo ifunge yenyewe uone sifuri, kisha pima beringi ya 608, ambayo kipenyo chake cha nje ni 22 na huruhusiwa kupungua 0.009 tu.

Sifuri ikikosea kwa mstari mmoja au miwili, usiikatae maikromita hiyo, kwani inarekebishwa kwa spana ndogo ya ndoano inayozungusha silinda yenye mstari. Kinachofanya uikatae ni skrubu inayokwaruza au kukaza sehemu moja na kulegea nyingine unapoizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo haitengenezeki nyumbani. Nembo ya Mitutoyo, kampuni ya Japani inayotengeneza vipimo, huigwa sana, basi usinunue nembo, nunua skrubu inayotembea laini.

Ukipima, zungusha kwa raketi, kile kishikio kidogo cha mwisho kinacholia, iache ilie mara mbili au tatu, usome. Ukikaza kwa kushika mwili wenyewe kama klampu, unakunja fremu na namba inapungua. Kosa lingine ni la nusu milimita. Skrubu inasogea 0.5 kwa mzunguko mmoja, na mstari wa chini wa nusu unapochungulia tu, ni rahisi kuuruka, ukasoma 25.12 badala ya 25.62. Pima kwanza kwa vernia ujue uko wapi, ndipo maikromita ikupe zile sehemu za mia za milimita.

Sasa joto. Vipimo vyote hivi hutengenezwa kwa kuhesabia nyuzi 20 za Selsiasi, na Mtwara au Lindi nyuzi 20 ni za alfajiri ya Julai. Jambo hili halitishi kama linavyosikika, kwa sababu chuma na kipimo cha chuma vikiwa na joto sawa hutanuka pamoja. Balaa ni vikitofautiana. Chuma cha urefu wa mita moja hutanuka takriban milimita 0.0115 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Shafti ya milimita 50 ikitoka kwenye mashine ya kukereza na nyuzi 80, huku maikromita ina 30, inasoma 0.03 zaidi ya ukubwa wake wa kweli. Mkerezaji akiifikisha kwenye namba ikiwa bado ya moto, ikipoa imepungua hiyo 0.03, na beringi inacheza. Mwambie aiache ipoe, hata kama una haraka ya kuwahi gari la Newala. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Jiriwa, au vaisi, ya milimita 100 hadi 125, ifungwe kwa bolti kwenye benchi zito, mdomo wake ulingane na kiwiko chako. Guni ya chuma, ile ya kupimia pembe mraba, unaikagua kwa bati lenye ukingo ulionyooka: chora mstari, geuza guni, chora tena kutoka nukta ileile, pengo unaloliona ni kosa mara mbili. Biti za drili zijaribu kwa tupa kuukuu kwenye meno yake: tupa ikiteleza, biti ni ngumu, ikiila, hizo ni za mbao. Blade ya msumeno wa chuma iwe na meno 24 kwa inchi kwa kazi ya kawaida na 32 kwa mabomba membamba, kwa sababu meno yasiyopungua matatu lazima yawe juu ya chuma wakati wote, la sivyo yanakatika. Kwa tepu za kukatia hesi, hesi ya bolti ya M8 toboa kwanza tundu la milimita 6.8, ya M10 toboa 8.5. Mashine ya kukereza ya mtumba inasubiri: nyingi ni za fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja.

Chumvi ya hewa yetu ndiyo itakayoamua vifaa hivi vitadumu miaka mingapi. Alama ya kidole chenye jasho kwenye taya ya vernia inaweza kuwa kutu kabla ya wiki kwisha, hasa kuanzia mvua za Desemba. Futa kila baada ya kazi kwa kitambaa chenye oili nyepesi ya mashine, ile mpya. Oili chafu ya injini ina asidi na masizi. Mafuta ya alizeti hugeuka gundi, na mafuta ya maganda ya korosho yabaki kwenye mbao, kwani hukauka yakawa kama vanishi na yanaunguza ngozi. Shina la dayali geji, kile kipimo cha sindano chenye uso kama wa saa, usilitie oili kabisa. Linashika vumbi, sindano inakwama. Maikromita ihifadhiwe midomo ikiwa wazi kidogo, maana iliyofungwa hunasa unyevu katikati na nyuso zote mbili huota kutu.

Kuhusu uhakiki wenye cheti: Wakala wa Vipimo unaowaona wakikagua mizani msimu wa korosho hushughulikia vipimo vya biashara. Kwa maikromita utahitaji maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam. Kwa karakana ya nyumbani, beringi mbili zilizofungwa kwenye karatasi ya mafuta, zisizowahi kugongwa wala kuingia kwenye shafti, zinatosha. Ziandike tarehe, uzipime kila mwezi.