Kiraka kilichobanduliwa

Jana usiku, nikisubiri seva ya mwisho iwake upya baada ya kubadilishiwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nilikisoma tena kiraka ambacho Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikiingiza kwenye kerneli ya mfumo huo mwezi Oktoba 2016 ili kuziba mwanya uitwao Dirty COW. Waliolisikia jina hilo juu juu walidhani ni habari ya ng'ombe, kumbe COW ni kifupi cha copy-on-write, utaratibu wa kerneli wa kutotoa nakala ya ukurasa wa kumbukumbu mpaka programu itake kuuandika.

Utaratibu wenyewe ni wa busara. Programu ikifungua faili ambayo hairuhusiwi kuibadilisha, kisha ikalazimisha kuandika kwa kupitia /proc/self/mem, mlango wa programu kuifikia kumbukumbu yake yenyewe, kerneli huitengenezea nakala ya faragha, na maandishi yakaishia humo. Kasoro ilijificha katikati ya hatua hizo: uzi mmoja wa programu, yaani mfuatano mmoja wa kazi zake zinazokwenda sambamba, ukiwa unaandika, na uzi wa pili ukiiambia kerneli kwa mwito wa madvise kwamba nakala ile haihitajiki tena, ilipatikana nukta ambayo kerneli ilikuwa imekwisha kuiondoa alama ya kutaka kuandika, ikiamini kwamba nakala ipo, kisha ikarudi kuutafuta ukurasa na kukabidhiwa ule wa asili, na maandishi yakaangukia faili yenyewe. Mara nyingi mbio hizo za nyuzi mbili hushindwa, lakini kompyuta haichoki kujaribu, na kufanikiwa mara moja kwenye faili kama /etc/passwd, yenye orodha ya watumiaji wa mashine, kunatosha kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine.

Kinachonirudisha hapa ni maelezo aliyoyaambatanisha Torvalds. Anakiri kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuiziba kasoro hiyo miaka 11 nyuma, tena vibaya, na kiraka kile kikabanduliwa kwa sababu kilileta matatizo kwenye s390, yaani kompyuta kubwa za IBM. Wakati ule mbio hizo zilikuwa za nadharia tupu. Baadaye usimamizi wa kumbukumbu ukaboreshwa, na maboresho yenyewe yakazifanya ziwe rahisi kuzusha. Phil Oester, aliyeugundua mwanya, aliukuta tayari unatumiwa na wavamizi, katika rekodi za mawasiliano ya wavuti alizokuwa akizihifadhi.

Kiraka cha 2016 hakiiondoi tena alama ya kuandika. Kinaongeza alama nyingine, FOLL_COW, ya kusema kwamba nakala imekwisha kutolewa, na kinadai ukurasa uwe umetiwa alama ya kuchafuka, yaani ya kwamba umeandikwa, kabla ya kuuamini. Ni mistari michache mno. Hata hivyo, mwaka 2017 ilibainika kwamba kwenye kurasa kubwa za kumbukumbu alama ya kuchafuka iliweza kuwekwa bila nakala yoyote kutolewa, hivyo ikabidi kiraka nacho kitiwe kiraka.

Nami sina ubavu wa kumcheka mtu. Mwaka ule niliandika "imezibwa" kwenye taarifa yangu ya kazi, ilhali seva moja, iliyokuwa imesakinishiwa kerneli mpya, iliendelea kwa majuma kadhaa kuendeshwa na ile ya zamani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuizima. Basi jana, seva iliporudi, niliandika uname -r, amri ya kuuliza toleo la kerneli inayofanya kazi, nikasubiri jibu, na daftarini nikanakili toleo linaloendesha mashine, si lile lililosakinishwa.