Kabla Tangazo la Uhadhiri Halijatoka

Kwa mwanasayansi kijana wa Pwani aliyemaliza uzamivu, milango ya kubisha inahesabika. Kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambavyo vyote viwili vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kuna pia taasisi za utafiti kama vile KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu hapa Mombasa, na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi. Nafasi hutangazwa kwa nadra, waombaji ni wengi, na tangazo likishatoka muda unaoachwa kabla ya siku ya mwisho ni mfupi mno kwa mtu anayeanza kujiandaa siku hiyo hiyo. Mimi ni mwanaikolojia wa mikoko, nimemaliza uzamivu si zamani, na kwa muda sasa nimekuwa nikiandaa maombi yangu huku nikisoma ya wenzangu. Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kwamba kazi kubwa ya maandalizi ni kuweza kueleza ni utafiti gani ulio wako wewe, uliotengana na wa msimamizi wako, na kwamba maelezo hayo hayapatikani kwa kukesha usiku mmoja.

Nianze na makaratasi, kwa kuwa hayo hayahitaji maneno mengi. Waajiri wengi wa umma nchini hutaka vyeti vinavyohusishwa na Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, inayohusu uongozi na maadili: cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), cheti cha KRA (mamlaka ya ushuru) cha kutimiza wajibu wa kodi, barua za HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), na ripoti ya shirika la taarifa za mikopo. Cheti cha KRA hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo kiangalie tarehe yake mapema. Aliyesomea nje ya nchi aombe shahada yake itambuliwe mara tu anaporudi, bila kungoja tangazo. Changanua vyeti vyote na uviweke katika faili moja, kila kimoja kikiwa na jina linaloeleweka. Ukimaliza hapo, usiyape makaratasi muda zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuajiriwa kwa uzuri wa faili lake la vyeti.

Taarifa ya utafiti ndiyo inayotaka kukaliwa. Hiyo ni kurasa chache zinazoeleza umefanya nini, utafanya nini katika miaka ijayo, na kwa nini ufanye wewe na ufanyie hapo. Vyuo vya ng'ambo huitaka waziwazi pamoja na barua ya maombi, wasifukazi na maelezo ya ufundishaji. Hapa kwetu mara nyingi haitajwi katika tangazo, lakini swali lake huulizwa kwenye mahojiano karibu kila mara, na mtu asiyekuwa ameliandika huonekana papo hapo.

Mwenzangu mmoja, aliyefanya uzamivu wake juu ya mikoko ya hori ya Mwache, alimpelekea rasimu yake profesa mstaafu aliyetufundisha sote, nami nikawapo wakati anarudishiwa. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba ataendelea kuchunguza mchango wa mikoko katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika Pwani ya Kenya. Profesa aliisoma, akavua miwani, akamuuliza: "Mwanangu, hapa ni wewe unayesema au ni mwalimu wako?" Akajibu, "Mradi ni wa mwalimu, Profesa, lakini vipimo vya mashapo nilivianzisha mimi." Profesa akamwambia, "Basi anza na hayo mashapo."

Alianza nayo hayo mashapo, yaani udongo unaoletwa na maji na kutuama, na rasimu ikageuka kabisa. Aliandika kwamba mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi hadi Mwache, ukafukia mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa imesimama. Kisha akaweka swali lake: kina cha mashapo kikifikia wapi ndipo miche ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, inaweza kurudi yenyewe, na wapi miti mingine ya jamii hiyo, mkoko na mkandaa, haiwezi kurudi bila kupandwa? Akaeleza jinsi anavyolipima kwa vigingi vilivyotiwa alama kila sentimita, vinavyosomwa maji yakipwa, na akataja anachohitaji: boti ya kukodi, tanuri ya kukaushia udongo, na wanafunzi wawili wa uzamili. Jopo linalosoma maelezo kama hayo halina haja ya kubahatisha kama mwombaji ana mawazo yake, kwa maana linaona swali, njia ya kulijibu na gharama ambayo chuo cha kwetu kinaweza kuibeba.

Naomba wasomaji wangu wa fani nyingine wasidhani kwamba hili ni la watu wa bahari peke yao. Mkemia anayepima maji ya visima vya Likoni na mtaalamu wa malaria wa Kilifi wanakabiliwa na mtihani ule ule, yaani kutoka katika kundi kubwa lenye majina makubwa na kuonyesha kipande kimoja ambacho, kama wao wasingekuwapo, kisingefanyika. Sisi tuliolelewa kumheshimu mwalimu huona uzito kusema "hili ni langu", lakini kumtaja mwalimu kwa shukrani na kutaja mchango wako kwa usahihi ni mambo mawili yasiyogombana. Zungumza na msimamizi wako mapema, mkubaliane ni sehemu gani ya mradi utaondoka nayo na ni ipi itabaki kwake. Mazungumzo hayo ni magumu, na ninaamini kwa dhati kwamba mengi ya malumbano ninayoyaona baina ya wasimamizi na wanafunzi wao wa zamani yangeepukwa kama mazungumzo hayo yangefanywa kabla ya kuhitimu.

Barua za mapendekezo hutokana na hayo hayo. Kwa kawaida huombwa majina ya watu watatu, na ni vyema angalau mmoja wao awe mtu ambaye hakukusimamia, bali anaijua kazi yako kwa kuisoma au kwa kushirikiana nawe. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa barua pepe ya ghafla. Hupatikana kwenye makongamano, kwa mfano yale ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, ambako mtafiti wa Mombasa huketi pamoja na wenzake wa Tanzania, Msumbiji na Madagaska. Unapomwomba barua, mpelekee wasifukazi, taarifa ya utafiti na maelezo ya kazi yenyewe, na umpe muda wa kutosha wa kuiandika.

Kuhusu machapisho, vyuo vyetu huyapima kwa alama, na kwa sababu hiyo wako vijana wanaoshawishika kulipa majarida yanayopokea kila kitu na kuchapisha bila uhakiki wowote. Wasiyakubali. Makala moja iliyohakikiwa vizuri katika jarida linalosomwa na watu wa fani yako itakutetea mbele ya jopo lolote, hapa na ng'ambo, ilhali makala kumi za majarida hayo hukuletea maswali ambayo hutakuwa na majibu yake. Kwa watu wa bahari, jarida la WIOMSA lipo tangu mwaka 2002 na linahakikiwa kwa makini. Hakikisha pia una namba ya ORCID, ambayo humtambulisha kila mtafiti peke yake, na kwamba makala zako zote zimeunganishwa nayo, hasa ikiwa jina lako ni la kawaida huku kwetu, kama Mohamed Ali, ambalo watafiti wengi wanalo.

Ufundishaji nao una ushahidi wake. Wengi wetu huanza kama wahadhiri wa muda, na chuo kimoja nilichofundisha kilichelewesha malipo hadi muhula mwingine ukaanza, jambo ambalo ninaliona kuwa dhuluma kwa watu wanaobeba mzigo mkubwa wa vipindi. Hata hivyo, ukiwa umefundisha, weka muhtasari wa somo ulioutunga, mitihani uliyoiweka na tathmini za wanafunzi. Jifanyie pia mhadhara wa majaribio mbele ya watu wa fani nyingine. Mimi huwaomba wenzangu wa hisabati na uhandisi waje wanisikilize, kwa sababu mjumbe wa jopo anayetoka idara nyingine ndiye anayeuliza lile swali la msingi ambalo mtaalamu hulipita.

Anayetaka kwenda nje ajue kalenda na masharti mwaka mmoja kabla. Marekani, matangazo mengi ya kazi za kudumu katika sayansi hutoka kati ya Agosti na Novemba kwa kazi itakayoanza mwaka wa masomo unaofuata. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti wa baada ya uzamivu uko wazi kwa raia wa nchi zote, Mkenya akiwamo. Humtaka mwombaji awe tayari na shahada ya uzamivu, asiwe amezidisha miaka 8 ya utafiti tangu aipate, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoelekea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Ombi huandikwa pamoja na msimamizi wa taasisi itakayokupokea, kwa hiyo kumtafuta huyo ndiyo hatua ya kwanza.

Ukiitwa kwenye mahojiano, chukua nakala za taarifa yako ya utafiti na uwe tayari kuuliza na wewe: vipindi vya kufundisha ni vingapi kwa muhula, maabara ina nini, mhadhiri mpya anaruhusiwa kusimamia wanafunzi wa uzamili kuanzia lini, na chuo kinamsaidiaje anayeandika ombi la ruzuku. Majibu yakiwa mazuri, omba kwa heshima yaandikwe kwenye barua ya kazi kabla hujatia saini.