Nilivyoweza kupiga picha vinyago vya mpingo vikaonekana

Mjomba wangu ni mchonga vinyago hapa Mtwara. Siku hizi wateja wake wengi hawafiki bandani. Wanaomba picha kwa WhatsApp, ndipo waamue. Kazi ya kupiga picha ikawa yangu.

Mpingo unaisumbua kamera yoyote. Kiini chake ni cheusi chenye uzambarau wa mbali, na ukishapigwa msasa na kung'arishwa unametameta. Weka kinyago mbele ya shuka jeupe: simu inapunguza mwanga kwa sababu ya shuka, kinyago kinabaki kivuli tupu. Weka mbele ya kitambaa cheusi: simu inaongeza mwanga, na mpingo unatoka wa kijivu, umepauka. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Kwa hiyo niliipa wastani wenyewe: gunia la korosho, la kahawia, lisilo na maandishi, nikalitundika ukutani nyuma ya kinyago.

Gunia lilitibu nusu ya tatizo. Nusu nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba kitu cheusi kinachong'aa hakionekani kwa rangi yake. Kinaonekana kwa kile kinachoakisi. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, na mwezi wa pili na wa kumi jua la saa sita hupita utosini kabisa. Jua hilo huacha doa moja kali kwenye paji la uso wa kinyago, kwingine kote giza. Nikakiingiza kinyago ndani ya banda, hatua moja kutoka mlangoni, upande ambao jua haliingii moja kwa moja. Mlango mzima ukawa taa pana. Mng'ao ukaacha kuwa doa, ukawa mstari mrefu unaoshuka begani, unapinda kwenye kiwiko, unafuata kila mahali patasi ilipopita. Lile shuka jeupe lisilofaa kwa nyuma nikalitandaza juu ya kiti upande wa pili, nje ya picha, likarudisha mwanga kidogo kwenye kivuli.

Ndani mwanga ni hafifu, hivyo simu naiegemeza kwenye kigoda na kuweka kipima muda cha sekunde 3 ili isitikisike. Kisha nagusa kinyago kwenye kioo na kushusha alama ya jua mpaka weusi urudi. Mjomba akiwa ameacha kipande cha sehemu ya nje ya mti, ile mbao ya rangi ya maziwa, nashusha hadi nyuzi zake zionekane.

Upande wa kupiga namwachia mjomba achague. Kwenye kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana, mimi ningeanza na uso wa juu. Yeye alikigeuza robo. "Mjomba, piga hapa. Huyu wa chini ndiye anayewabeba wote." Ni kweli, na simu ikishushwa usawa wa katikati, yule wa chini hapungui ukubwa. Picha moja huwa na mkono wake umekishika kinyago, mteja ajue kimo.

Mlango huohuo sasa nautumia kwa nyuso za watu, bibi zetu hasa, na maharusi wanaonijia. Ngozi nyeusi nayo hupendeza kwa mng'ao mpana wa pembeni, na kipimo cha mwanga kichukuliwe usoni, si kwenye shela jeupe. Programu za kuwang'arisha watu mpaka wawe weupe sizigusi. Bibi harusi akiniomba nimweupishe, kwanza namwonyesha picha niliyompiga pale mlangoni, jinsi shavu lake lilivyoshika mwanga, na mara nyingi anachagua hiyo.