Chupa Niliyoiweka Karibu na Hita

Februari ya mwaka wangu wa pili wa masomo mjini Nagoya, nilipanda treni hadi Takayama, mji wa milimani katika mkoa wa Gifu, ambako viwanda vya sake, pombe ya mchele ya Kijapani, vimejipanga katikati ya nyumba za kale za mbao za mtaa wa Sanmachi. Juu ya mlango wa kimojawapo paliningʼinia tufe kubwa la majani ya mwerezi, nayo yalikuwa bado ya kijani, ishara kwamba sake mpya ya msimu imekwisha kukamuliwa; majani yakikauka na kugeuka kahawia, wanywaji hujua kwamba pombe nayo imekomaa.

Mzee aliyekuwa akihudumu alinimiminia katika kikombe kidogo cha kauri, kisha akanionyesha kwenye lebo herufi isomwayo nama. Niliitambua papo hapo, kwa kuwa ndiyo inayomalizia neno gakusei, yaani mwanafunzi, nililokuwa nikiliandika kwenye kila fomu tangu nifike Japani. Hapa ilimaanisha mbichi. Sake nyingi hupashwa moto mara mbili, kiasi cha nyuzijoto 60 hivi, ili kuua vijidudu na kuzima vimengʼenya vilivyoachwa na koji, kuvu atumikaye kutengenezea sake. Hii haikuwa imeonja moto hata mara moja.

Sake niliyoizoea ilikuwa pole, karibu na maji. Hii ilinichonyota ulimi, ikanukia kama tikiti lililokatwa sasa hivi, kisha ukafuata utamu mzito wa mchele, nami nikakumbuka mnazi wa asubuhi kule Pangani, ule ambao ukicheleweshwa hadi jioni huwa mkali wa kukunja uso. Laiti ningelifikiria jambo hilo hadi mwisho!

Nilinunua chupa moja. Mzee alinisisitizia mara tatu kwamba ikae kwenye baridi, hata akaifunga pamoja na pakiti ya barafu. Lakini jokofu langu la bwenini lilikuwa limejaa samaki, basi nikaiweka rafuni, karibu na hita, nikijiambia kwamba pombe haiozi. Wiki tatu baadaye niliwafungulia wenzangu kwa mbwembwe. Rangi ilikuwa imeelekea umanjano, na harufu ya tikiti ilikuwa imegeuka kuwa ya jibini kuukuu. Mwenzangu Mjapani alinusa, akauliza kwa upole chupa ilikuwa imekaa wapi, nami nikamwonyesha hita.