Ajali Ilikuwa Saa Ngapi?

Juzi benki ilinitumia ujumbe ikitaka niseme, kuanzia 1 hadi 5, nimeridhika kiasi gani na huduma ya kaunta. Nilikuwa nimepiga foleni mpaka nikawajua wenzangu wote kwa sura, na bado kidole kilikwenda chenyewe kikabonyeza 4. Kwa nini 4? Sijui. Labda ni kuogopa kumuudhi mtu nisiyemjua. Mume wangu alicheka sana. Alisema Kenya nzima hakuna anayefaa kuogopa hizo namba kuliko mimi, kwa kazi niliyoifanya.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka hiyo kazi. Mwaka 2018, kabla ya kuhamia Nakuru, kabla ya hawa watoto. Nilikuwa nazunguka Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega nikiwasaka madaktari wapasuaji ili waniambie wanavyowatibu majeruhi na wanachokiamini kuhusu matibabu yenyewe. Hospitalini hakuna aliyehangaika na jina langu. Nilikuwa "yule msichana wa fomu".

Fomu ilitungwa mbali na huku, na ilijulikana tangu ukurasa wa kwanza. Swali la kwanza lilitaka kujua daktari amekuwa bingwa wa majeraha kwa miaka mingapi. Hapo karibu kila mtu alicheka. Mmoja wa Kakamega aliniambia asubuhi ametoa goita, mchana amerudisha ngiri, jioni ameletewa boda boda wawili na abiria wao, "kwa hiyo andika mimi ni bingwa wa kinacholetwa." Wengine hawakucheka, waliuliza kama kuna vocha. Ilikuwepo, ndogo.

Baada ya hapo yalifuata masanduku. Daima, mara nyingi, mara chache, kamwe. Mgonjwa aliyepasuka bandama lakini presha imetulia, unamwangalia tu au unamfungua? Mfupa wa mguu uliotoboa ngozi, unausafisha ndani ya muda gani? Unaanza na damu au na dripu ya maji? Swali la damu liliwachosha wengi. Mmoja aliniuliza namjibia mwezi gani. Akiba ya damu yetu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Agosti na Disemba, wachangiaji wanatawanyika makwao, na Disemba ndiyo barabara zinaua. Fomu haikuwa na miezi.

Swali la kumi na mbili ndilo lililonileta leo. Liliuliza kuhusu asidi ya traneksamiki, ambayo madaktari huiita TXA. Wanawake wengi mnaijua kwa hedhi nzito. Ni dawa ya zamani, kazi ya mke na mume wa Japani, Utako na Shosuke Okamoto, tangu miaka ya 1960. Damu ikishaganda kwenye jeraha, mwili una njia zake za kuuyeyusha ule mgando. Dawa hii huuzuia usiyeyuke. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao CRASH-2, majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Waliopewa dawa, waliokufa walikuwa asilimia 14.5, wasiopewa, asilimia 16. Si pengo kubwa kwa macho, ila ukilizidisha kwa barabara zote za dunia ni watu wengi, na dawa yenyewe si ghali. Mwaka uliofuata wakazichambua upya zile takwimu wakakuta jambo lenye ncha: ikitolewa mapema inaokoa, ikitolewa baada ya masaa matatu tangu kuumia, hatari ya kufa kwa kuvuja damu inaongezeka badala ya kupungua.

Swali likaandikwa hivi: je, majeruhi anayevuja damu sana, huwa unampa TXA ndani ya masaa matatu? Kisha yale masanduku.

Sasa, kulikuwa na daktari mmoja, hospitali siitaji. Alinipiga chenga mpaka nikakaribia kukata tamaa. Mwishowe akanihurumia, akaniita "mwanangu" kwa Kijaluo. "Nyathina, mchana mimi ni wa watu wote. Njoo Ijumaa usiku nikiwa zamu."

Nikaenda na leso yangu ya baridi na mandazi. Nilimkuta katika kile chumba chao cha kupumzikia nyuma ya thieta, gambuti nyeupe miguuni, chai ya rangi mbele yake, kifuniko cha kalamu mdomoni. Aliisoma fomu kwa sauti kama mzee anayesoma barua kutoka ng'ambo, akitua kwenye kila koma. Alipofika la kumi na mbili hakusita. Akatia alama kwenye Daima, tena akaikoleza. "Hili hata intani wangu analijua," akasema.

Mlango ukagongwa. Matatu ilikuwa imelala ubavu barabara ya Busia, kati ya Luanda na Maseno, na wengi walikuwa na michubuko tu, lakini makanga alikuwa mlangoni ilipopinduka.

Hakuniambia nibaki wala nimfuate. Nilimfuata hadi kazualti nikasimama karibu na sinki, kibao changu cha karatasi kifuani.

Makanga alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi ya Gor Mahia, na alikuwa akiomba maji kwa adabu, akimwita kila mtu "mkubwa". Midomo ilikuwa imepauka. Daktari alimwekea kiganja tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu, akakiacha hapo muda mrefu kidogo, halafu akasema bila kuinua sauti kwamba thieta iandaliwe, damu itafutwe, na TXA ianze sasa hivi.

"Iliisha Jumatano, daktari," sista akasema.

"Leba?"

Sista alitoka mbio. Mwaka mmoja nyuma, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha dawa hiyohiyo inaokoa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, kwa hiyo leba nao waliilinda yao. Alirudi mikono mitupu. Walikuwa wamebakiwa na dozi moja na kuna mama mezani. Daktari alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Hakubishana.

Akamwandikia ndugu yake makanga karatasi. Huyo ndugu alikuwa amefika na boda kutoka nyumbani, viatu vya miguu tofauti. Akatumwa mjini kutafuta duka la dawa lililo wazi saa hizo.

Na hapo ndipo lilipoanza lile ninalolikumbuka zaidi ya yote. Daktari aligeuka, akawauliza wale abiria wa michubuko waliopangwa kwenye benchi: "Ajali ilikuwa saa ngapi?"

Kila mmoja alijibu.

Dereva, aliyeshika kitambaa kwenye paji la uso, alisema saa tatu na nusu, hata haijafika. Mzee mmoja wa koti akasema haiwezekani, saa tatu na nusu walikuwa bado stendi Luanda dereva akingoja gari lijae. Dereva akakana. (Angekubalije? Polisi alikuwa amesimama palepale.) Mama mmoja mwenye ndoo ya omena, ambayo sijui aliiokoaje isimwagike, alisema ilikuwa saa nne na nusu, kwa kuwa alikuwa amempigia mumewe simu akiwa ndani ya gari, na mumewe hulala saa nne, na alimkuta amelala. Daktari alichuchumaa mbele yake. "Mama, hiyo simu uliyopiga, naomba tuiangalie."

Mama akaitoa kifuani. Ilikuwa mulika mwizi, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira. Daktari akabonyeza, akatafuta namba zilizopigwa, akaisogeza kwenye mwanga, akaniita nami nije nisome kwa kuwa miwani yake ilibaki kwenye fomu. Betri ilikuwa imechomoka gari lilipopinduka. Alipoirudisha, simu ilianza maisha upya: kwa saa yake ilikuwa tarehe 1 Januari, usiku wa manane na dakika kadhaa. Na orodha ya simu zilizopigwa haikuonyesha saa, ilionyesha tu jina. Baba Nekesa.

Nilimsomea. "Baba Nekesa," akarudia, akamrudishia mama simu yake kwa mikono miwili.

Ndugu aliingia na vile vichupa saa saba kasorobo. Saa yangu ya mkononi ilikuwa sahihi, hilo naweza kuapa. Kama dereva alisema kweli, yalikuwa yamepita masaa matatu na robo, na dawa ingeweza kumdhuru kijana. Kama ni mama wa omena, bado tulikuwa na dakika arobaini na tano. Kama ni yule mzee, basi ni katikati. Daktari alivishika viganjani, akavigeuza, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kuvisogeza mbali na macho. Gramu moja kwa dakika kumi, nyingine kwa masaa manane, hilo alilijua usingizini. Alimtazama dereva. Alimtazama mama. Alimtazama makanga, ambaye sasa hakuwa akiomba maji tena. Kisha akavitia kwenye mfuko wa kifuani, akasema "twende," na kitanda kikasukumwa hadi milango ya thieta, nami ruhusa yangu iliishia hapo.

Waliitoa bandama. Kijana alipona, Jumatatu nilimkuta wadini akigombania uji na jirani. Hayo mengine yalienda upesi na sina la kuyasema.

Alfajiri daktari alirudi chumbani amebadili nguo, akaketi palepale, akavaa miwani, akaivuta fomu. Nilikuwa nimekwisha kula mandazi yote. Nikamuuliza kama alimpa.

"Swali lako linasema 'huwa unampa'," akasema. "Halisemi 'ulimpa'."

Akarudi kwenye la kumi na mbili. Ile alama ya Daima hakuifuta. Akatia nyingine kwenye Kamwe, ya ukubwa uleule, akageuza karatasi upande akaandika pambizoni, kwa mwandiko uliokuwa safi kuliko wa madaktari wote niliokutana nao: *Jumatatu hadi Jumatano, daima. Baadaye inategemea famasi, leba, na nani katika gari alikuwa na saa.* La kumi na tatu liliuliza kama angeitoa kwa aliyeumia kichwa tu. Aliandika "nangojea" akaacha masanduku matupu. Alikuwa na haki ya kungojea. Matokeo ya CRASH-3 yalitoka mwaka uliofuata, yakaonyesha nafuu kwa walioumia kichwa kiasi na kidogo, na si kwa walioumia vibaya. Mengine aliyajibu haraka, akasinzia kwenye la mwisho.

Nilipompigia msimamizi wangu Nairobi kuuliza jibu lile linaingizwaje kwenye kompyuta, hakufikiri mara mbili. Alama mbili kwenye swali moja ni namba 9. Namba 9 maana yake ni jibu halikupatikana. Na maandishi ya pambizoni? Pambizo halina safu, akasema, na alikuwa akisema kweli, nilikuwa naitazama ile programu.

Ripoti niliiona baadaye. Ilisema wengi wa madaktari waliohojiwa huitoa dawa hiyo kwa wakati, daima au mara nyingi. Nimejaribu miaka yote hii kuikasirikia nikashindwa. Haikudanganya. Zile alama walizitia wenyewe mbele yangu, chai mkononi, na walikuwa wakisema wanachokiamini kwa moyo wote. Sijui ni swali gani tungeuliza badala yake. Kuna siku nadhani tungewauliza masista. Kuna siku nadhani tungemuuliza mama wa omena.

Kuna mmoja ambaye hakuulizwa kabisa. Asubuhi ile nikitoka nilimkuta ndugu yake makanga kwenye benchi la nje, bado na vile viatu. Aliona kibao changu akainuka, akanyoosha risiti ya duka la dawa, elfu moja na ushee, imeandikwa kwa mkono.

"Madam, hii naiandikisha kwako?"

Nikamweleza kwamba mimi si wa hospitali, mimi nauliza madaktari maswali tu. Akaomba aione fomu. Aliipitia ukurasa kwa ukurasa, taratibu, akatafuta, kisha akauliza swali la wanaonunua dawa liko wapi.

"Halimo," nikamwambia.

"Basi liongeze," akasema, akarudi kuketi, akanisogezea nafasi kwenye benchi ili niandike.